SOMO: Kuotesha agave ya Malkia Victoria kwa mbegu

Wadau mambo, hii agave victoriae-reginae ni ndugu kabisa wa mkonge wetu wa Tanga, ila mkonge unakupita kimo na hii ikikomaa inabaki na upana wa kama sm 30 hadi 50 hivi. Kwao ni kaskazini mwa Mexico tu, Coahuila, Nuevo León na Durango, inaota kwenye nyufa za mawe ya chokaa, jua kali na mvua haba, ukishaelewa hapo nusu ya kazi umemaliza.

1. Mbegu. Nzima ni nyeusi na bapa, nyeupe ni tupu, tupa. Loweka usiku mmoja.

2. Udongo, na hapa ndo watu wanaua mimea. Changarawe ndogo nusu au hata zaidi, mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, samadi iliyooza kiduchu tu. Mwaga maji uone, yakituama juu ongeza changarawe usibishane nayo. Chungu cha udongo chenye tundu ndo kizuri, plastiki inakaa na unyevu sana.

3. Tandaza mbegu juu, nyunyizia mchanga mwembamba, lowesha, funika na kopo linalopitisha mwanga, usiweke juani. Joto la nyuzi 20 hadi 25 zinachomoza ndani ya wiki moja mpaka tatu, ukiona kijani anza kufunua kidogo kidogo.

4. Baada ya hapo ni subira, inakua polepole mno. Usimwagilie tena mpaka udongo ukauke kabisa, jua uongeze taratibu la sivyo majani yanaungua.

MASWALI

Mdau wa Tanga: masika huku si itaoza?
Jibu: Itaoza ndio, isogeze barazani isinyeshewe.

Swali: inatoa watoto kama mkonge?
Jibu: Mara nyingi haitoi, ndo maana tunahangaika na mbegu. Inakaa hata miaka 20 au 30, inatoa mlingoti wa maua wa hadi mita 4, halafu inakufa.

Swali: kuna mtu anauza kubwa imeng'olewa porini Mexico, nichukue?
Jibu: Achana nayo. Iko Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori, mmea hauvuki mpaka bila kibali, na porini wakiing'oa kuziba pengo ni miaka mingi.

Swali: ina mistari myeupe kama ukungu, nasugua haitoki
Jibu: Usisugue jamani!! Ni alama za majani yalivyobanana yakiwa machanga.

Swali: nishatumia sabuni 😅
Jibu: Isuuze, iache ikauke kivulini.