SOMO: Kutembea upya baada ya kunyooshwa matege ya goti lililosagika

Hapa hatuzungumzii kubadilishwa goti. Daktari hukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, huutanua upande wa ndani, kisha huufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Uzito uliokuwa ukikandamiza gegedu la ndani (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili zisisagane) husogezwa kuelekea upande wa nje, kupita kidogo katikati ya goti.

Mfupa hunyooka siku hiyohiyo, mwendo haunyooki. Miaka ya maumivu imekufundisha kuegemeza kiwiliwili upande wa mguu mbovu, kutupa vidole nje na kukaza goti. Sababu imeondoka, mazoea yamebaki.

Hatua ya 1. Magongo mawili: yatangulie, ufuate mguu uliopasuliwa, kisha mzima. Ukiruhusiwa kuuwekea mguu huo uzito wa kilo 15 tu, kanyaga mizani ya kupimia uzito mpaka mguu uzijue, kukisia huzidisha. Kipindi hiki mara nyingi hufika wiki 6, kutegemea bamba na picha za eksirei.

Hatua ya 2. Nyoosha goti. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, si chini ya goti (mto wa gotini ni mtamu lakini hulizoesha kujikunja). Kaza msuli wa mbele wa paja sekunde 5, mara 10.

Hatua ya 3. Gongo moja, mkono wa upande mzima. Wengi hulishika upande uliopasuliwa, na kiwiliwili hurudi kulala kulekule.

Hatua ya 4. Kisigino kitangulie, goti lilegee kidogo likipokea uzito, kama nyuzi 15, na mguu ukiwa hewani likunjike karibu 60. Jirekodi kwa simu kutoka mbele: mabega yakiyumba, rudi kwenye gongo.

MASWALI

— Naona goti limeingia ndani. Limezidishwa?
Jicho lililozoea matege huona mguu ulionyooka kama umepinda. Omba eksirei ya mguu mzima ukiwa umesimama, nyonga hadi kifundo. Likizidishwa kweli, mzigo huhamia gegedu la nje.

— Ngazi je?
Kupanda, mguu mzima kwanza. Kushuka, uliopasuliwa kwanza pamoja na gongo.

— Wiki ya tatu, kigimbi kimevimba na kinauma.
Acha mazoezi, nenda hospitali leo. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Usikande.