Kabla Hujaagiza Lori la Mawe: Maporomoko ya Maji Nyuma ya Nyumba

Mara nyingi ninapoitwa kuangalia uwanja ambao mtu anataka kujengewa maporomoko, nakuta mawe yameshafika. Lori limeyamwaga getini, meusi ya kutoka miguuni mwa Mlima Meru, mazuri kweli, na mwenye nyumba anauliza tunaanza lini. Hapo kazi inakuwa imeanzia mkiani. Cha kujua kwanza ni maji yenyewe: yataanguka mbele ya nani, kwa wingi gani, yatapandishwa na nini, na yatakwenda wapi umeme ukikatika. Ukishayajua hayo, mawe hayasumbui kuchagua.

Anza kwa kubeba kiti. Kaa pale unapokunywa chai jioni, kisha simama kwenye dirisha la jikoni, kisha ingia chumba cha kulala. Maporomoko yaelekee pale panapokaliwa zaidi, na yawe karibu kiasi cha kusikika. Sauti nzuri barazani saa kumi na moja jioni inaweza kuwa kero saa nane usiku, kwako au kwa jirani, kwa hiyo chumba cha kulala kipe umbali.

Kisha tazama juu. Arusha tuna mijakaranda, na Oktoba hadi Novemba inapochanua, maua yake hufunika kila kitu. Yakilowa yanakuwa kama uji na kuziba chujio la pampu kwa siku moja. Ukiweza, sogea mbali na mti. Usipoweza, panga mapema nafasi ya chujio linalotolewa kwa mkono bila kuingia majini. Tazama na chini: shimo la maji taka, bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi? Mwulize aliyejenga nyumba kabla sururu haijakupa jibu.

Udongo nao una lake. Chimba shimo la nusu mita uone rangi na unavyoshikana. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na zege lililolala juu yake hupasuka nao. Hapo, kwa bwawa la chini linalopokea maji ya maporomoko, tumia nailoni nzito ya bwawa, inayonyumbuka. Kuikata kuna hesabu yake: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kukunja kingoni. Upana vivyo hivyo. Bwawa la mita 2 kwa mita 1.5 lenye kina cha sentimita 60 linataka kipande cha mita 3.8 kwa 3.3. Chini yake tandika mazulia chakavu, na kila jiwe kubwa litakapokaa weka vipande vingine juu yake.

Penye mteremko umebahatika, lakini mteremko huohuo ndio unaoleta tope la masika. Inua kingo za bwawa sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi na uchimbe mchirizi upande wa juu. Kama uwanja ni tambarare, udongo utakaouchimba utakusaidia kuinua kilima, ila usiurundike wima ukaupachika mawe. Unakuwa kichuguu. Kilima cha mita 1 kitandaze mita 3 au 4 chini, ukishindilie tabaka kwa tabaka huku ukikimwagia maji, na kama huna haraka ukiache kinyeshewe msimu mmoja. Udongo uliojazwa juzi utazama, na jiwe lililopimwa kwa pimamaji litainama pamoja nao.

Sasa pampu. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Pima upana wa mdomo ambao maji yatamwagikia. Kila sentimita moja ya upana inahitaji kama lita 150 kwa saa ili maji yashuke kama kitambaa chembamba. Ukitaka yangurume, karibia mara mbili. Mdomo wa sentimita 30, basi, unataka lita 4,500 kwa saa, na kiasi hicho ni kile kinachofika juu, si kile kilichoandikwa kwenye boksi. Pampu iliyoandikwa lita 6,000 kwa saa na kimo cha juu kabisa cha kupandisha maji mita 3 hutoa hizo 6,000 ikiwa haipandishi chochote. Kwenye mita 3 haitoi hata tone. Katikati ya hapo, mita moja na nusu, tegemea kama nusu. Mwombe muuza duka karatasi yenye mchoro unaoonyesha pampu hiyo inatoa lita ngapi kwa kila kimo, utafute kimo chako humo. Na bomba lisiwe jembamba: bomba la nusu inchi hukaba pampu nzuri ikaonekana mbovu. Inchi moja na nusu ndiyo ninayoipenda kwa kazi ya ukubwa huu.

Pampu ya wati 100 ikiwaka mchana na usiku inakula uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Tarifa ya matumizi madogo ya TANESCO huishia uniti 75, kwa hiyo pampu hiyo pekee inakaribia kuijaza. Ukiiwasha saa 8 kwa siku ni uniti 24 kwa mwezi. Amua hili mapema, maana ukitaka samaki hutaweza kuzima kila unapoona LUKU inashuka. Waya wa pampu upite ndani ya bomba la plastiki, na saketi yake iwe na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Umeme na maji vinakutana hapa na watoto watatia mikono humo. Kwenye jambo hili sikubaliani na mteja yeyote anayetaka kupunguza gharama.

Linalosahaulika kuliko yote ni maji yaliyo njiani. Pampu ikiwa inafanya kazi, sehemu ya maji iko juu: kwenye bomba, kwenye kijito, kwenye beseni la juu. Umeme ukikatika yote hayo yanateremka. Chukua kijito cha mita 4, upana sentimita 40, maji ya kina cha sentimita 3: hizo ni lita 48. Beseni la juu la mita 1 kwa sentimita 80, bomba lake likiingilia chini na kukosa valvu ya kuzuia maji kurudi, likishuka sentimita 20 linaongeza lita 160. Jumla yazidi 200, na kwenye bwawa lako la mita 2 kwa 1.5 hizo ni sentimita 7 za kupanda ghafla. Ukingo wako ukibakiza sentimita 3 tu, maji yako yako kwenye majani. Umeme ukirudi, bwawa limepungua, pampu inanyonya hewa na kuungua. Weka valvu, na ubakize nafasi kingoni.

Mawe, hatimaye. Usiyatoe mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za kingo za mto, na mawe ya ujenzi ni madini kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2010, kwa hiyo nunua kwa mwenye leseni. Nenda mwenyewe machimboni na chaki, weka alama uliyoyachagua. Chukua ya aina moja. Machache makubwa yanapendeza kuliko mengi madogo yaliyopangwa kama shanga. Jiwe letu jeusi ni zito: la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 linakaribia kilo 170, ni watu wanne na mitaimbo miwili. Je, geti lako linapitisha toroli? Lile jiwe jepesi lenye matundu linanyonya maji na kuota ukijani laini mapema, linafaa pembeni, ila si kwenye mdomo. Wa Mwanza wana matale yao, yaani mawe ya graniti, wa Mombasa wana mawe bapa ya Mazeras yanayofaa sana kumwagia maji. Walio pwani waangalie pia maji ya kisima: yakiwa na chumvi, pampu ya kawaida haidumu.

Jiwe la mdomo ndilo lichaguliwe kwa subira. Litokeze mbele angalau sentimita 5, na ukingo wake uwe mkali; ukingo wa mviringo hufanya maji yajikunje na kurudi nyuma chini ya jiwe, yakatambaa ukutani badala ya kuanguka. Kabla ya saruji, liweke kavu, fungulia mpira wa maji nyuma yake, uchutame mbele. Utaona maji yanakimbilia kona moja. Chomeka kokoto ndogo, ya ukubwa wa punje ya hindi, chini ya kona hiyo. Maji yanatanda, na sauti inabadilika palepale, kutoka mchuruziko hadi kishindo kipana. Nimewahi kukaa saa nzima na fundi mwenzangu tukihamisha kokoto tatu, na sijutii hata dakika. Mkiridhika, zibeni kwa saruji au foamu ya kupuliza nyuma na pembeni, maji yasibaki na njia nyingine ila juu ya jiwe.

Kama nyumba ina mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, usichimbe bwawa la wazi. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha. Fukia tangi chini ya ardhi, weka wavu mzito wa chuma na kokoto juu, maji yaanguke na kupotelea humo. Maporomoko ni yaleyale.

Mbu wanataka maji yaliyotulia. Kwenye joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo pampu iliyosimama wiki nzima mkiwa safarini ni mazalia. Samaki wadogo husaidia kula viluwiluwi. Ila saruji mpya huharibu maji: jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara mbili au tatu, ndipo ulete samaki.

Na kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, fanyeni jaribio la siku mbili. Zima pampu, piga alama ya chaki usawa wa maji, na uangalie baada ya saa 24. Yakishuka milimita 5 hivi wakati wa kiangazi ni jua. Kisha washa pampu saa 24 nyingine, izime, subiri maji yote yateremke, upime tena. Yakipungua sana pampu ikiwaka tu, bwawa ni zima na uvujaji uko juu. Kuna kazi moja Moshi nilihangaika wiki tatu nikitafuta tundu chini ya bwawa, nimelimwaga mara mbili, kumbe nailoni ilikuwa imelala nyuma ya jiwe la pili, ukingo wake umeshuka upana wa vidole viwili. Niliuinua kwa mkono, nikashindilia udongo nyuma yake, na maji yakakaa.