Jinsi ya kuandika makala nyepesi ya maisha ya mtu

Habari ngumu, yaani ya tukio lililotokea, huandikwa kwa piramidi iliyopinduliwa: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi vyote vinakaa juu, ili mhariri akikosa nafasi akate aya za chini. Makala nyepesi ukiikata hivyo umeiua, maana utamu wake umesambaa mpaka mwisho. Kwa hiyo kubaliana na mhariri idadi ya maneno mapema. Kwa mtu mmoja, 600 hadi 800 yanatosha.

Chukua muuza kahawa wa kijiweni. Manispaa ikivunja vibanda vya hapo, hiyo ni habari: sentensi ya kwanza isizidi maneno 30, na afisa wa manispaa lazima atafutwe ajibu. Siku ambayo hakijatokea chochote ndiyo ya makala. Usianze na "Mzee Fulani ni mfanyabiashara maarufu." Anza na dele juu ya jiko la mkaa, vikombe anavyovigonganisha kuita wateja, kashata iliyofunikwa nailoni. Ila kufikia aya ya tatu au ya nne msomaji awe ameshajua kwa nini anasomeshwa habari za mzee huyu: bei ya buni imepanda, au vijana wamehama kijiwe.

Nenda mara mbili. Ya kwanza kaa, kunywa, lipa, tazama. Ya pili uliza vitu vinavyohesabika: anaamka saa ngapi, anachemsha lita ngapi, kikombe shilingi ngapi, ikibaki anaipeleka wapi. Ukimuuliza "unajisikiaje?" atakujibu "namshukuru Mungu", na mazungumzo yameishia hapo.

Makala nyingi huharibikia kwenye sifa. "Mchapakazi mwenye tabasamu" anaweza kuwa yeyote. Futa, weka anachokifanya. Kosa la pili ni kudhani wepesi unaondoa uthibitisho. Akisema yuko hapo tangu 1985, mtafute jirani wa siku nyingi. Akitaja faida, zidisha vikombe kwa bei, toa mkaa, buni na sukari. Hesabu ikigoma, rudi ukamuulize.

Picha tatu: kijiwe kizima, yeye na mteja, mikono yake ikimimina. Namba yake ya simu usiichapishe bila ruhusa.

Kabla ya kutuma, msomee nukuu na tarakimu zake tu. Ukimsomea makala nzima, ataomba uondoe aya ya deni lake la sukari dukani, na ndiyo bora uliyonayo.