Namna ya Kuchagua Kigari cha Watoto Wawili kwa Familia Inayoishi Dodoma

Mzazi mwenye mtoto ambaye bado hawezi kutembea mwendo mrefu, kisha akajaliwa mwingine, au aliyepata mapacha, hufika mahali ambapo mgongo mmoja na mikono miwili havitoshi. Kigari cha viti viwili kinaweza kumpunguzia sehemu kubwa ya mzigo huo, ila vigari vingi vinavyofika madukani kwetu viliundwa kwa ajili ya miji ambayo njia zake za waenda kwa miguu zimesakafiwa hadi mlangoni. Dodoma ina barabara kuu nzuri za lami, na mitaa kadhaa ya katikati ya mji imetengenezwa vizuri. Lakini katika maeneo yanayoendelea kujengwa, kama vile sehemu za Nzuguni, Nkuhungu na Mkonze, mita mia kadhaa za mwisho kabla ya kufika nyumbani huwa ni mchanga, kokoto na vifereji vilivyochimbwa na maji ya mvua. Kwa sababu hiyo ninamshauri mzazi aanze kwa kutazama magurudumu na vipimo, ndipo aje kwenye viti, na rangi ya kitambaa iwe ya mwisho kabisa.

Kwanza, hakikisha kwamba unakihitaji

Si kila familia yenye watoto wawili wadogo inahitaji kigari cha viti viwili. Ikiwa mtoto mkubwa atakuwa amevuka miaka mitatu wakati mdogo anazaliwa, kigari cha kiti kimoja pamoja na mbeleko kinaweza kutosha: mtoto mchanga hubebwa mgongoni au kifuani, na mkubwa hupanda kigari anapochoka. Mbeleko haigharimu kitu kikubwa, hupita popote, na mama zetu na bibi zetu wanaifahamu vizuri, wala sioni sababu ya kuiacha eti kwa kuwa kigari kimenunuliwa.

Hali hubadilika pale watoto wanapopishana kwa mwaka mmoja au miwili, au wanapokuwa mapacha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutembea kidogo, kisha huketi chini katikati ya njia, na mzazi aliyembeba mdogo wake hawezi kumwinua kwa urahisi, hasa ikiwa alijifungua kwa upasuaji na kidonda bado hakijapona. Kumbuka pia kwamba ratiba ya chanjo humpeleka mtoto kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 9 na miezi 18, na katika safari hizo mkubwa mara nyingi hana wa kubaki naye nyumbani. Familia ya namna hiyo itakitumia kigari cha viti viwili kwa miaka miwili au zaidi, na gharama yake inaeleweka.

Pima nyumbani kabla ya kwenda dukani

Chukua tepu ya kupimia uanze na mlango wa nyumba. Upime ukiwa wazi, kuanzia kwenye fremu hadi kwenye ubao wenyewe wa mlango, kwa sababu mlango usiofunguka hadi ukutani hula sentimita kadhaa za nafasi. Kisha nenda kwenye geti. Nyumba nyingi zina geti kubwa la magari ambalo ndani yake kuna mlango mdogo wa watu, na mlango huo mdogo huwa mwembamba na wenye kizingiti cha chuma kilichoinuka kutoka chini. Kigari chenye viti vilivyo ubavu kwa ubavu huwa na upana wa kati ya sentimita 70 na 80, kwa hiyo kinaweza kupita mlango wa sebuleni kisha kikakwama getini, na mzazi akalazimika kufungua geti zima kila anapotoka. Kigari chenye viti vilivyofuatana, kimoja mbele na kingine nyuma, huwa na upana wa karibu sentimita 60 tu, lakini urefu wake huleta shida nyingine nitakayoieleza hapa chini.

Baada ya hapo fikiria chombo mnachosafiria. Ikiwa ni gari lenu, pima buti. Ikiwa ni bajaji, mwombe dereva mnayemfahamu akuruhusu upime nafasi iliyopo miguuni pa abiria na ile iliyo nyuma ya kiti, kwa sababu kigari kilichokunjwa lazima kiingie humo pamoja na wewe na watoto wawili. Kwa daladala, kigari kikubwa cha viti viwili ni mzigo mzito wenye kuleta mabishano na kondakta, na familia inayotegemea daladala kila siku ingefaa itafute kigari chepesi zaidi, hata kama kitapungua ubora kwenye mchanga. Ni vyema pia kujua tangu mwanzo kwamba kiti cha kigari si kiti cha usalama cha gari. Watoto hawapaswi kusafiri wakiwa wamekaa ndani ya kigari kilichowekwa kwenye chombo chochote.

Uzito nao uhesabiwe mapema. Mtoto wa miaka mitatu huwa na takriban kilo 14 na wa mwaka mmoja takriban kilo 9. Kigari chenyewe kinaweza kuwa na kilo 13 hadi 18. Hapo mzazi anasukuma karibu kilo 40 kabla ya kuweka mfuko wa nepi na chupa za maji. Hizo ndizo kilo atakazozivusha juu ya kizingiti cha geti, na kama msaada haupo, itambidi amshushe mkubwa kwanza.

Magurudumu

Gurudumu dogo na jembamba, lenye kipenyo cha sentimita 15 hivi, huteleza vizuri kwenye marumaru ya dukani na kwenye lami. Likiingia kwenye mchanga huzama, na kadiri mzazi anavyosukuma ndivyo linavyozidi kujichimbia. Kwa njia za udongo tafuta magurudumu ya nyuma yenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, na ya mbele yasiwe madogo sana kuliko hayo. Magurudumu ya mbele yanayozunguka kila upande yawe na kifungio cha kuyanyoosha, kwa sababu kwenye kokoto gurudumu lisilofungwa hukata kona lenyewe na kukisimamisha kigari ghafla. Vipo vigari vya magurudumu matatu vilivyokusudiwa wazazi wanaokimbia mazoezi. Hivyo hupita mchangani vizuri kuliko vingine vyote, ingawa ni vikubwa na hukata kona kwa taabu ndani ya duka.

Swali gumu zaidi kwa mkazi wa Dodoma ni tairi za upepo. Zinapunguza mtikisiko kwa kiasi ambacho plastiki ngumu haiwezi kukifikia, na mtoto aliyelala hupita juu ya kokoto bila kuamka. Lakini huku kwetu kuna mbigili, ambazo wakati wa kiangazi hutapakaa kwenye vijia na viwanja, na kuna miiba ya migunga, na kila mwenye baiskeli anajua zinavyoitendea tyubu. Watu wengine huamua kununua tairi za sponji ngumu zisizopata pancha, na kwa familia isiyo na muda wa matengenezo uamuzi huo ni sahihi. Maoni yangu ni kwamba tairi za upepo bado ni bora pale njia yenu ilipo mbaya sana, kwa sharti moja: saizi ya tairi iwe ile inayotumika kwenye baiskeli za watoto, hasa inchi 12 au inchi 16. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ikiwa ni saizi hiyo, fundi baiskeli wa mtaani kwenu ataziba pancha au atabadilisha tyubu siku hiyohiyo. Ikiwa ni saizi ya ajabu inayopatikana kwa mtengenezaji peke yake, pancha moja inaweza kukilaza kigari kwa miezi. Unaweza pia kumwomba fundi aweke ndani ya tyubu dawa ya kuzuia pancha, ile ya majimaji, kabla hata kigari hakijaanza kutumika.

Mkifika kwenye mchanga mwingi, geuka ukivute kigari kinyumenyume, ili magurudumu makubwa ya nyuma yatangulie.

Ubavu kwa ubavu, au mmoja mbele na mwingine nyuma

Kwa mapacha, viti vya ubavu kwa ubavu ndivyo vinavyofaa zaidi, kwa sababu uzito unalingana, watoto wote wawili wanaona mbele, na hakuna anayempiga mwenzake mateke mgongoni. Watoto wanapotofautiana sana kwa uzito, kigari cha aina hii huvutia upande wa yule mzito, na mikono ya mzazi huchoka kwa kukirudisha kwenye mstari. Kasoro nyingine ni ya barabarani: pale ambapo hakuna njia ya waenda kwa miguu, upana wake humsogeza mtoto mmoja karibu na bodaboda zinazopita.

Viti vilivyofuatana hupita milango midogo, lakini kiti kimoja, mara nyingi cha nyuma, huwa cha chini na chenye nafasi ndogo. Kukata kona kunahitaji nguvu, na kuinua magurudumu ya mbele ili kuvuka ukingo kwa kubonyeza mpini ni kazi ngumu mtoto mkubwa anapokuwa amekaa mbele kabisa. Soma maelekezo ya mtengenezaji kuhusu nani akae wapi. Yakiruhusu, mzito akae karibu na magurudumu ya nyuma.

Ipo aina ya tatu, ambayo ningeipendekeza kwa familia ambayo watoto wanapishana kwa miaka miwili hivi: kigari cha kiti kimoja kinachoweza kuongezewa kiti cha pili, na baadaye kiti hicho kikaondolewa. Hakuna kinachopotea mkubwa anapoanza kutembea. Ubao wa kusimamia unaofungwa nyuma ya kigari nao huuzwa kwa ajili ya watoto wakubwa, ila ninausifu kwa lami tu. Kwenye njia ya mawe mtoto aliyesimama juu yake anaweza kurushwa.

Mtoto mchanga, mikanda na breki

Mtoto ambaye hajafikisha takriban miezi sita na hawezi kuketi mwenyewe anapaswa kulala chali, mgongo wa kiti ukiwa umelazwa kabisa au karibu kabisa. Akikalishwa wima shingo haijakomaa, kichwa huinamia kifuani na njia ya hewa inaweza kubanwa bila yeye kulia. Katika vigari vingi vya viti viwili ni kiti kimoja tu kinacholala hivyo, na kwa wazazi wa mapacha hilo pekee linatosha kukikataa kigari. Muulize muuzaji akuonyeshe kwa kukilaza, si kwa maneno.

Mkanda uwe wa sehemu tano: mabega mawili, pande mbili za kiuno, na kati ya miguu. Breki moja ya mguu ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma. Ijaribu kwenye mteremko. Usitundike mifuko mizito kwenye mpini, kwani mtoto akishushwa kigari hupinduka kuelekea nyuma.

Jua, vumbi na mbu

Paa la kitambaa lishuke hadi usawa wa kifua cha mtoto na liwe na dirisha la wavu la kupitisha upepo. Katika miezi ya Oktoba na Novemba, joto la mchana hapa huvuka nyuzi 30, na kitambaa cheusi hulifyonza. Ninawaomba sana wazazi wasifunike kigari kizima kwa kanga au shuka ili kuzuia jua au vumbi, kwa sababu hewa ya ndani hupata joto haraka na mtoto haonekani. Chandarua chepesi kinatosha dhidi ya mbu na nzi. Vitambaa vya viti viwe vya kuvuliwa na kufuliwa, maana upepo wa Juni hadi Septemba utaleta vumbi kila siku. Maungio ya kukunjia yafutwe kwa brashi kavu; grisi nzito hunasa vumbi na kuyafanya yakwame.

Kilichotumika, na kinachoagizwa

Kigari cha mtumba kutoka Ulaya kinaweza kuwa imara kuliko kipya cha bei hiyohiyo, lakini kikague kwa utulivu. Vuta kila mkanda kwa nguvu uone kama nyuzi zimechoka kwa jua, tazama kama plastiki ina nyufa, kikunje na kukikunjua wewe mwenyewe, na uhakikishe kwamba kifungio cha fremu hakiachii. Kwa vile vinavyoongezewa kiti cha pili, hakikisha kwamba vishikizo vya kiti hicho vimo, kwa sababu mara nyingi hupotea na kuvipata peke yake ni shida. Tafuta kibandiko chenye jina la modeli na utafute mtandaoni kama mtengenezaji aliwahi kukirudisha kutoka sokoni kwa kasoro.

Kama kinaagizwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi, muuzaji atume kwanza video ya kigari hichohicho kikikunjwa na breki ikifungwa, pamoja na vipimo vyake, na mkubaliane kwa maandishi siku ngapi unaweza kukirudisha. Mzigo ukifika stendi, ufungue palepale na uhesabu magurudumu na mikanda kabla ya kusaini. Nyumbani, kabla ya kuwaweka watoto, weka mfuko wa unga wa kilo 10 kwenye kiti kimoja na wa kilo 5 kwenye kingine, uifunge kwa mikanda, kisha ukisukume kigari kutoka mlangoni, kupitia mlango mdogo wa geti, hadi kwenye lami na kurudi. Kikivutia upande mmoja, kikizama, au kikigoma kizingitini, kirudishe siku za makubaliano zikiwa bado hazijaisha.