Namna ya kudai matengenezo ya mtambo bila kujiweka pabaya kazini

Mtu aliyefanya kazi karibu na korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, anajua kwamba beringi haifi ghafla. Huanza kuunguruma kidogo alfajiri, mtambo ukiwa bado baridi. Baada ya siku kadhaa nyumba yake, yaani kasha linaloishika, hupata joto kiasi kwamba huwezi kuiwekea kiganja. Kisha grisi hutoka nyeusi, na siku ya mwisho gurudumu hukwama huku majani yamejaa mkandani. Katika muda huo wote fundi amesema, nyampara amesikia, meneja ameambiwa, na spea haijaletwa. Nimekuwa fundi mitambo katika viwanda vya mkonge mkoani Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na haya ninayaandika kwa ajili ya mfanyakazi aliye katika hali hiyo, awe Muheza, Korogwe au Pangani, ambaye anataka mtambo utengenezwe na wakati huohuo hataki kuitwa mkorofi.

Jambo la kwanza ni kuujua ugonjwa kwa usahihi kabla ya kuusemea. Kauli kwamba mtambo umechoka haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu kila meneja anaijua na amekwisha kujifunza kuinyamazia. Taja sehemu, taja dalili, na taja tangu lini. Linganisha upande mbovu na upande mzima: ikiwa beringi ya upande wa mota ina joto na ya upande wa pili haina, hilo ni jambo ambalo mtu mwingine anaweza kwenda kulihakikisha kwa mkono wake mwenyewe, na ubishi unapungua. Kwa mitambo iliyo karibu na bahari kagua pia kutu ya bolti na masanduku ya swichi, maana upepo wa chumvi hula chuma hata pale ambapo hakuna mtu aliyekigusa.

Baada ya hapo geuza ugonjwa kuwa hesabu, kwa kuwa matumizi ya spea huonekana kwenye vitabu vya mhasibu lakini hasara ya kusimama haionekani popote mpaka mtu aiandike. Singa kavu, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge. Tuseme korona yenu inapokea tani 10 za majani kwa saa. Ikisimama kwa saa 5, singa ambazo hazikutoka ni kama tani 2. Ongeza kwamba mkonge uliokwisha kukatwa haungoji: majani yakilala shambani na kukauka, kuyasafisha huwa kazi ngumu, na singa zake hushuka daraja. Weka hasara hiyo kando ya bei ya beringi moja na uache namba zizungumze. Nimewahi kuona ombi lililokataliwa kwa mdomo mara nne likikubaliwa kwa karatasi moja yenye hesabu ya namna hii, na meneja aliyelikubali alikuwa yuleyule.

Barua yenyewe iwe fupi, isiyo na hasira wala kumbukumbu za ugomvi wa zamani. Inaweza kuwa hivi:

«Kwa: Meneja wa Kiwanda. Kupitia: Fundi Mkuu. Yah: Beringi ya upande wa mota, korona namba 2. Tangu tarehe 3 mwezi huu beringi tajwa inapata joto kuliko ya upande wa pili na inatoa mlio wa kusaga. Grisi imeongezwa mara 3 na hali haikubadilika. Naomba beringi mpya iagizwe, na mtambo usimamishwe kwa zamu moja ili ibadilishwe. Ikivunjika mtambo ukiwa kazini, shafti nayo inaweza kuharibika.»

Toa nakala mbili, na nakala yako isainiwe na aliyeipokea. Akikataa kusaini, usigombane naye. Andika kwenye daftari lako siku, saa na jina la uliyemkabidhi. Daftari hilo ndilo rafiki wa fundi kuliko spana yoyote. Liandike kwa kalamu ya wino, kila siku, hata siku ambayo hakuna jambo, kwa sababu daftari lenye kurasa za siku za matatizo peke yake huonekana kama limetungwa baadaye. Picha za simu zina faida, ila chunguza kwanza kama kanuni za kiwanda zinaruhusu kupiga picha, na usizitume kwenye makundi ya WhatsApp. Picha iliyosambazwa humgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa.

Hapa niseme jambo la viraka, ambalo lilinigharimu. Katika kiwanda kimoja, nikiwa bado kijana, nilikesha usiku kucha nikiunga mkanda kwa waya ili zamu ya asubuhi isisimame. Asubuhi nilisifiwa mbele ya watu, nikaambiwa kwamba mimi ndiye mtu wao. Mkanda mpya haukuagizwa, kwa kuwa wa zamani ulikuwa unafanya kazi. Kiraka kilipokatika baada ya wiki chache, swali lililoulizwa halikuwa kwa nini mkanda haukununuliwa, bali ni nani aliyeunga kwa waya. Tangu siku hiyo sijawahi kuweka kiraka bila kuandika maneno matatu, «matengenezo ya muda», pamoja na tarehe ya kuagiza kifaa halisi. Mwenye bidii asiyeandika huwaficha wakubwa ubovu wa mtambo, halafu huubeba peke yake.

Suala hubadilika kabisa pale ubovu unapokuwa hatari kwa mwili. Gadi ya mkanda, yaani kifuniko cha kinga, iliyofunguliwa na kutorudishwa, swichi ya dharura isiyofanya kazi, au waya ulio wazi penye maji ya kuoshea singa havisubiri hesabu ya tani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pasipo na hatari, na inamtaka mfanyakazi naye atoe taarifa anapoona hatari. Kwa hiyo anayesema anatimiza wajibu wake wala hachongei mtu. Zima mtambo, hakikisha hakuna atakayeuwasha bila wewe kujua, mwambie msimamizi na mwakilishi wa usalama wa kiwandani, kisha andika. Usikubali kamwe kuingiza mkono kuondoa majani yaliyokwama wakati gurudumu linazunguka, hata kama nyampara anakuhesabia dakika. Taarifa zikipuuzwa, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ina wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia kiwandani na kudai marekebisho.

Ajali ikitokea, majeruhi apelekwe hospitali kwanza, kisha taarifa iandikwe siku hiyohiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unachangiwa na mwajiri peke yake wala haukati mshahara wa mtu, na ndio unaoshughulikia fidia ya aliyeumia kazini. Ukiambiwa «tutamalizana wenyewe, bwana, usiende mbali», pokea msaada wa hospitali kwa shukrani lakini usiache kudai kwamba ajali iripotiwe. Aliyepoteza kidole leo anaweza kuhitaji ushahidi huo miaka mingi baada ya meneja huyo kuhamishwa.

Kuhusu uaminifu kwa mwajiri, nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Kuutunza mtambo wa mtu, kufika kwa wakati na kutoiba spea ni heshima ya fundi mwenyewe, na haipaswi kupunguzwa kwa sababu meneja ni mbovu. Lakini uaminifu huo hauna rejista mahali popote, na haki zako zina rejista. Kwa hiyo dai maelezo ya ajira yako kwa maandishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka. Hakiki michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mara kwa mara badala ya kungoja siku ya kustaafu. Na jiunge na chama, ambacho kwa watu wa mashamba huwa ni TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, kabla hujapata tatizo.

Ukiachishwa kazi kwa sababu ya kusema, kumbuka hesabu moja ya siku: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Watu wengi hupoteza kesi nzuri kwa kukaa nyumbani wakingoja kuitwa tena, kwa kuwa waliahidiwa.

Ukiamua kuondoka mwenyewe, usiondoke siku ya hasira. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, na ajue kwamba kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapomwachisha kazi, si pale anapojiuzulu kwa hiari. Ikiwa hali imefanywa kuwa mbaya kiasi cha kutovumilika, sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeachishwa, ila hapo utalazimika kuthibitisha, na uthibitisho ni lile daftari. Dai pia cheti cha utumishi.

Siku ya mwisho andika orodha ya makabidhiano: kila mtambo na hali yake, kila kiraka ambacho bado kipo na tarehe yake, kila oda ya spea ambayo haijajibiwa. Fundi atakayekuja baada yako ndiye atakayeweka mkono kwenye beringi ile, na anastahili kujua mapema ni upande gani unaochoma.