Kufundisha batiki ya kufunga kwa wasio na muda

Mtu anayetoka kazini mpe jioni mbili, kila moja ya muda wa saa mbili. Anza na batiki ya kufunga (kitambaa hufungwa kwa uzi kabla ya rangi, palipofungwa pabaki peupe), si ya nta. Nta inapendeza, lakini kuiyeyusha, kuipaka na kuitoa kwa maji yanayochemka kunakula jioni zote mbili, na mwanafunzi anaondoka hajaigusa rangi.

1. Kitambaa. Bafta ya pamba tupu, mita 2 kwa kila mtu. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kifuliwe nyumbani kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Wanga wa kiwandani ukibaki, rangi itashika mabakamabaka.

2. Kufunga. Jioni ya kwanza nzima. Tumia uzi wa nailoni, kwa sababu mipira hulegea kwenye maji ya moto. Asiyemaliza akamalizie nyumbani, au hata kwenye daladala.

3. Maji ya rangi. Hapa ndipo madarasa mengi huharibika. Fanyeni nje, glavu ndefu na miwani vikiwa vimevaliwa. Beseni liwe la plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kostiki soda inakula sufuria za alumini.

Kwa kitambaa kimoja: maji lita 5, rangi ya unga ya batiki kijiko 1 cha chakula, kostiki kijiko 1, haidrosalfaiti (haidro, unga unaoifanya rangi iyeyuke kwenye maji) vijiko 2. Maji yawe nyuzi 50 hadi 60. Kama huna kipimajoto, changanya lita 2.5 zinazochemka na lita 2.5 za bomba, utakuwa karibu kabisa.

Koroga rangi kwanza kwa maji ya vuguvugu kidogo mpaka iwe uji usio na madonge, kwa sababu kila donge litakuwa doa. Kostiki iyeyushe pembeni kwenye jagi la maji baridi: soda ndiyo inayomwagwa kwenye maji. Ukifanya kinyume, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Mimina vyote viwili kwenye beseni, nyunyizia haidro juu, koroga taratibu mara chache, funika dakika 10. Usipige kama unapiga mayai! Hewa inaiua haidro.

Kisha chungulia. Maji yaliyoiva huwa maangavu, rangi yake tofauti na ile unayoitarajia kwenye kitambaa, na juu pana utando mwembamba unaong'aa. Chovya kijiti, kiinue: kikibadilika rangi ndani ya dakika moja, tayari. Kisipobadilika, pima joto kwanza. Maji yakiwa yamepoa, yapashe; yakiwa na joto lake, ongeza haidro nusu kijiko na kusubiri tena dakika 10. Bado? Haidro imekufa, kwa kawaida kwa sababu kopo liliachwa wazi likanyonya unyevu. Kuongeza rangi hakusaidii kitu, ingawa wengi ndilo jambo la kwanza wanalofanya. Usinunue gunia kwa ajili ya bei nafuu. Nunua robo kilo na uifungie pakavu kabisa, maana haidro iliyolowa maji kidogo hupata moto yenyewe, hata kuwaka.

Lowesha kitambaa kwa maji safi, kizamishe chote dakika 15 hadi 20. Kisielee.

4. Hewa. Kamua, tundika kivulini dakika 15 kikiwa bado kimefungwa. Suuza, ndipo ufungue nyuzi, ukitandaze tena. Ukifungua mapema, rangi isiyokomaa inachuruzika kwenye sehemu nyeupe.

5. Sabuni. Suuza kwa ndoo ya maji yenye siki vijiko 3, halafu chemsha na sabuni dakika 10. Muda ukiwa umekwisha, mwanafunzi akachemshe nyumbani. Asipochemsha, rangi itachujia kwenye nguo nyingine kila akifua.