Nunua vifaa kwanza, chora baadaye: kuepuka makosa kwenye bodi yako ya saketi

Wengi wanaoanza kuchora bodi za saketi hapa Dodoma hufungua KiCad, programu ya kuchorea bodi, huchagua vifaa vilivyomo kwenye maktaba ya programu, huchora, huagiza bodi China, kisha ndipo huanza kutafuta vifaa halisi. Mpangilio huo ndio unaozaa makosa mengi kuliko ujuzi mdogo wa umeme. Bodi ikikosewa, nyingine utaisubiri wiki kadhaa, na mkulima aliyekupa kazi ana zabibu zinazotaka maji leo.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho: bodi ya kuwasha pampu ya umwagiliaji kwenye shamba la zabibu kule Hombolo. Ina ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi), sensa ya unyevu wa udongo, rele moja ya volti 5 (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), na kigeuzi kidogo kinachoshusha umeme wa volti 230 kuwa 5.

Hatua ya 1: Weka vifaa vyote mezani

Dukani unauziwa kilichopo, uwe hapa mjini au Kariakoo. Ukiomba transista ndogo ya NPN unaweza kupewa BC547 au PN2222A, na zote mbili zinaweza kuvuta rele hii. Zishike mkononi, upande bapa ukikutazama. Kutoka kushoto kwenda kulia, BC547 ina kolekta, besi, emita. PN2222A ina emita, besi, kolekta. Ukichora bodi kwa moja kisha ukalehemu nyingine, rele itasuasua au haitavuta kabisa, na utamaliza siku nzima ukilaumu programu yako.

AMS1117, inayoshusha volti 5 kuwa 3.3 za ESP32, inahitaji umakini zaidi. Mafundi wengi wamezoea 7805, kirekebisha volti ambacho bati lake la nyuma ni grandi (upande hasi). Bati la AMS1117 ni njia ya kutolea umeme, yaani pale pana volti 3.3. Ukiliunganisha na grandi umepiga shoti kabla hujawasha chochote. Bati hilo ndilo linalotoa joto pia, kwa hiyo eneo pana la shaba la kulipoza liwe la volti 3.3.

Soma namba iliyoandikwa kwenye kila kifaa, pakua datashiti yake (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji), na uandike mpangilio wa pini daftarini. Usiamini picha ya mtandaoni.

Hatua ya 2: Mchoro wa saketi

Kila pini ya umeme ya chipu ipate kapasita ya nanofaradi 100, na kwenye ubao, yaani bodi yenyewe, ikae jirani kabisa na pini hiyo. ESP32 ikirusha Wi-Fi huvuta umeme kwa mikupuo, hivyo iongezee kapasita ya maikrofaradi 10 au zaidi, na chanzo chake kiweze kutoa angalau miliampia 500. Bodi inayojizima na kujiwasha yenyewe mara nyingi inaumwa hapo.

Sensa ya udongo iunganishe kwenye pini ya ESP32 kati ya GPIO32 na GPIO39 (GPIO ni namba za pini zake). Pini za analogia za kundi la pili (ADC2) hazisomeki Wi-Fi ikiwa imewashwa, na hilo halionekani popote kwenye mchoro. Rele usiiweke GPIO0, 2, 12 wala 15, kwa sababu ESP32 huzisoma pini hizo inapowaka. Wala usiipeleke GPIO34 hadi 39, ambazo ni za kupokea tu.

Sambamba na koili ya rele weka diodi 1N4007, mstari wake ukielekea chanya.

Hatua ya 3: Karatasi kabla ya oda

Ukishapanga vifaa kwenye ubao, chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Printa nyingi za stationeri zimewekwa zipunguze kurasa zienee, kwa hiyo chora pembeni mstari wa milimita 50 na uupime kwa rula. Ukisoma 48, rudia.

Laza karatasi juu ya kipande cha boksi, kisha choma miguu ya kila kifaa mahali pake. Rele ya buluu ina miguu mitano. Ikizama yote bila kulazimishwa, futiprinti (mpangilio wa matundu ya kifaa) uliyochagua ni sahihi. Konekta za skrubu zitazame kwa makini: je, tundu la waya linatazama nje ya bodi, na bisibisi inafika bila kugonga kapasita? Funga pia boksi utakalotumia, uone kama mfuniko unashuka. Kazi hii ni ya dakika chache, na hakuna programu inayoweza kukufanyia.

Hatua ya 4: Njia za shaba

Kwa shaba ya kawaida ya mikroni 35, ampia 1 inahitaji njia ya milimita 0.3 hivi. Mimi huweka 0.5, na kwa ampia 2 huweka 1. Mota ya pampu usiipitishe kwenye bodi. Inapoanza huvuta mara kadhaa ya ampia zake za kawaida, na rele ndogo huungua midomo. Acha rele iwashe kontakta (swichi kubwa ya umeme wa mota), na kontakta iwashe pampu. Upande huo wa kontakta na nyaya za mota ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kati ya volti 230 na upande wa volti 5 acha angalau milimita 6 zisizo na shaba, 8 zikipatikana. Sasa igeuze rele uone: mguu wa umeme mkubwa uko katikati ya miguu miwili ya koili, na nafasi haitoshi. Hapo kata mtaro kwenye ubao wenyewe kuutenganisha mguu huo. Huku kwetu vumbi hujaa ndani ya boksi kiangazi chote, na mvua za Desemba zikianza, vumbi lenye unyevu linapitisha umeme.

Antena ya ESP32 ikae ukingoni, na chini yake kusiwe na shaba upande wowote.

Hatua ya 5: Ukaguzi na mafaili

Endesha ERC (ukaguzi wa miunganisho) kwenye mchoro na DRC (ukaguzi wa nafasi na upana wa njia) kwenye ubao baada ya kuingiza vipimo vya kiwanda chako. Ukaguzi huo hushika waya uliosahaulika, lakini haujui kama transista uliyonunua ni BC547. Andika kwenye bodi alama za chanya na hasi, volti za kila konekta, na toleo. Mafaili ya Gerba, yale unayotuma kiwandani, yafungue upya kwa GerbView ya KiCad, uhakikishe la matundu na la ukingo wa bodi yamo.

Hatua ya 6: Kuwasha mara ya kwanza

Lehemu upande wa umeme mdogo kwanza, bila ESP32. Pima kwa multimita, ikiwa kwenye hali ya kulia, kati ya 3.3 na grandi. Ikilia, usiwashe, tafuta shoti. Isipolia, ipe volti 5 kutoka chaja ya simu na upime kama 3.3 inatoka. Ikitoka, ondoa umeme, lehemu ESP32, kisha ijaribu rele kwa volti 5 hizohizo. Volti 230 ziingie mwisho kabisa, boksi likiwa limefungwa.